Saumu ya Askari

Mimi na jirani yangu Socorro tulikuwa na kitambaa. Kilikuwa kipande cha kanga kuukuu, chekundu, upana wa kiganja, nilichokichana mwenyewe baada ya mumewe Jerome kufariki. Wangu alikuwa amekwisha kutangulia. Milango yetu inatazamana, ghorofa ya kumi na moja, huku ughaibuni, Scarborough. Nikishaswali alfajiri nilivuka korido nikakifunga kitambaa kwenye kitasa chake. Yeye akishaamka na kunywa kahawa yake, alikifungua akaja kukifunga kwenye kitasa changu. Basi. Hatukugonga, hatukupiga simu. Kitambaa kikihama tunajua wote tuko hai, na kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Aliyeanzisha ni yeye. Alisikia habari ya mama mmoja wa jengo la pili aliyefia ndani, na watu hawakujua mpaka harufu ilipotoka. "Kura," akaniambia, "mimi sitaki kunuka. Nimejipaka manukato maisha yangu yote." Jina langu ni Qurratulain, ila Socorro alisema jina refu namna hiyo ni la kuvaa siku ya sikukuu.

Socorro ni Mgoa wa Mombasa, Mkatoliki wa misa ya kila siku. Mimi ni wa Tanga, nimesoma mpaka darasa la saba na chuo cha Kurani. Yeye na rozari yake, mimi na tasbihi yangu, tulikaa miaka yote hiyo bila kubishana juu ya dini. Tulibishana juu ya mbwa tu.

Mbwa mwenyewe anaitwa Askari. Ni jike, rangi ya chai ya maziwa, masikio yamelala. Derek, mtoto pekee wa Socorro, alimleta kabla hajahamia Calgary ili mama yake awe na mlinzi. Siku ya kwanza mbwa aliiona mashine ya kufyonza vumbi akaenda kujificha nyuma ya choo, na Socorro akampa jina palepale.

Kwetu sisi Washafii mbwa ni jambo zito. Mahali alipolamba huoshwa mara saba, mara moja iwe kwa udongo. Tanga udongo uko mlangoni. Hapa wakati wa baridi ardhi inakuwa jiwe, kwa hiyo kila mwaka kabla ya theluji nilishuka bustanini nikajaza udongo safi kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaliweka chini ya sinki. Socorro alinikuta siku moja nachota.

"Wapanda nini, Kura? Mihogo?"

"Napanda subira."

"Basi panda nyingi, mbwa wangu akupenda."

Na kweli alinipenda, sijui kwa nini. Mimi nilimwamkia kwa mbali, kama mtu unayemheshimu lakini humpi mkono.

Asubuhi moja ya Januari kitambaa hakikuhama. Nilichungulia kwenye tundu la mlango, kiko palepale. Nikaosha vyombo, nikachungulia. Nikakunja nguo, nikachungulia. Adhuhuri ilipoingia niliswali upesi kuliko inavyostahili, kisha nikachukua ufunguo wake wa akiba. Nilimkuta sakafuni jikoni, macho wazi, nusu ya uso imeshuka. Askari alikuwa amejilaza mgongoni pake, amejibana kama blanketi, na hakuondoka pale mpaka watu wa ambulensi walipomsogeza kwa mguu.

Ulikuwa ni ugonjwa wa kiharusi. Socorro hakufa. Mkono wa kulia ulibaki mzito, na Kiingereza chote kikamtoka, kile alichofanyia kazi ya ukarani mpaka akastaafu. Kikabaki Kiswahili na vipande vya Kikonkani cha mama yake. Kutoka hospitali wakampeleka nyumba ya wazee kule Agincourt, ambako hakuna hata mmoja anayejua kumwambia pole.

Nilipanda basi mbili kwenda kumwona. Alikuwa amekaa dirishani, amechanwa nywele upande ambao si wake. Aliniangalia vizuri, kwa adabu, kama unavyomwangalia mtu aliyekaa karibu nawe kituoni.

"Shikamoo," akaniambia.

Socorro ni mkubwa kwangu. Sikujua niitikie nini. Nikaitikia marahaba, nikakaa naye mpaka wakamletea supu, nikaondoka. Kwenye ngazi muuguzi mmoja, mama wa Kifilipino, akaniuliza kama mgonjwa ana mnyama, maana anamwita mtu fulani Askari siku nzima. Nikamwambia huyo ni mbwa. Akasema mbwa wa familia anaruhusiwa kuja kutembelea, akiwa na chanjo zake na akiwa hachafui.

Hapo penye kutochafua ndipo palipokuwa na taabu.

Derek alikuwa amekuja kutoka Calgary kwa ajili ya mama yake, akalala kwa Socorro siku chache. Derek anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Maneno yake nitayaweka kwa lugha yangu. Aliniita mlangoni, amekunja pua.

"Auntie, mbwa anakojoa kila mahali."

"Si kila mahali. Pale anapolala tu. Humtoka usingizini."

"Mama alijua?"

"Mama yako ana taulo nyingi za mbwa kuliko zake mwenyewe."

Akakaa kwenye kiti cha baba yake, akajipangusa uso. Alikuwa amechoka, namwonea huruma hata sasa. Akaniambia mama yake hatarudi tena kwenye nyumba hii. Mwisho wa Machi inarudishwa kwa wenyewe. Mke wake hataki mbwa, na kule wanakopokea mbwa wasio na watu walimwambia mbwa mzee anayevuja hapati mtu wa kumchukua. Atarudi katikati ya Machi kufunga vitu, na akirudi atampeleka Askari kwa daktari akadungwe sindano ya kulala asiamke.

"Ni huruma, Auntie. Si ukatili."

"Na akikauka?"

"Akikauka, nani atamchukua?"

Nikasikia sauti yangu inasema, "Mimi."

Akacheka kidogo. "Wewe? Si ndiye uliyeniosha mkono kwa mchanga kwa sababu nilimshika mbwa kabla ya kukusalimia?"

"Sikukuosha. Nilikuomba uoshe."

"Sawa," akasema. "Akikauka, ni wako. Lakini nikija akiwa hivi hivi, usinizuie."

Tukakubaliana hivyo. Akarudi Calgary, akaniachia Askari mlemle kwa Socorro, pamoja na ule ufunguo wa akiba na gunia la chakula cha mbwa.

Nyumba yangu ni chumba kimoja na sebule, na mswala wangu uko sebuleni, umetandikwa daima. Mate ya mbwa nina kopo langu la udongo. Lakini mkojo, kila usingizi, katika nyumba ninayosujudu, hilo sikuliweza hata kuliwaza. Nilimwendea Mwalimu Azim msikitini baada ya darasa la wanawake. Ni kijana, amesoma Madina, ana upole.

"Mama, kuna maimamu wanaosema mbwa mwenyewe si najisi. Wamaliki, kwa mfano."

"Mimi sikuzaliwa Mmaliki, Mwalimu."

"Si lazima uzaliwe."

"Na mkojo je, Wamaliki wanasemaje?"

Akatazama chini. "Mkojo ni najisi kwa wote."

"Ndiyo maana nakuuliza kuhusu daktari, sikuulizi kuhusu imamu. Ni halali kumtibu?"

"Kumtibu ni thawabu," akasema, na akaniandikia mahali pa kwenda.

Daktari wa wanyama yuko kwenye maduka ya barabarani, katikati ya bucha ya halali na saluni ya kusuka nywele. Ni binti mwenye miwani, jina lake Hira. Nilipomwambia Askari kaa, na Askari akakaa, yule daktari aliacha kuandika.

"Huyu mbwa anasikia Kiswahili?"

"Hasikii kingine."

"Ai, mama. Mimi ni wa Ngara, Nairobi. Sijaongea Kiswahili na mgonjwa tangu nianze kazi." Akapiga magoti sakafuni, akamshika Askari kichwa kwa mikono miwili, bila glavu. "Habari yako, mrembo? Wamekukosea nini?"

Nikamweleza. Vidonge ambavyo daktari mwingine alimwandikia mbwa enzi za Socorro havikusaidia. Akauliza kama mbwa alitolewa kizazi. Nikasema ndiyo, Socorro aliniambia, alikuwa bado mdogo. Akamkanda tumbo, akapima mkojo, akaniambia si ugonjwa wa kuambukiza wala si utovu wa adabu. Kisha akachora kwenye karatasi ya kupangusia mikono.

"Hapa chini ya ubongo kuna tezi, ndogo kama njegere. Ubongo unaituma, tezi nayo inatuma homoni kwa vifuko vya mayai ya uzazi. Vifuko vinajibu: tumesikia, tosha. Sasa Askari, vifuko vilitolewa. Nani atajibu?"

"Hakuna."

"Hakuna. Kwa hivyo huku juu wanaongeza. Wanatuma tena, na tena, miaka yote. Damu imejaa ujumbe na hakuna wa kuupokea."

Nilitazama mchoro wake. Asubuhi ileile nilikuwa nimeamka, nikaswali, nikavuka korido nikafunga kitambaa kwenye mlango wa Socorro kwa mazoea, na baadaye nikarudi kukifungua mwenyewe.

"Lakini mama, mwili hausikii homoni kila mahali. Mahali pa kusikilia panaitwa kipokezi. Kila chembe ya mwili ina kitabu kizima cha maagizo, ila inafungua zile kurasa zake tu. Ukurasa wa kutengeneza kipokezi cha ule ujumbe wa ubongo, sisi tulifundishwa unafunguliwa kwenye ile tezi. Halafu watu wakapima kibofu cha mbwa. Wakaukuta umefunguliwa huko pia."

"Kibofu kinasikia maneno yasiyo yake?"

"Kinasikia kitu. Kinafanya nini nacho, hapo bado wanabishana. Lakini kuna mbwa, ukinyamazisha ule ujumbe, wanakauka. Si wote. Nisikuahidi."

Dawa aliyoisema ni kijiti, mfano wa punje ya mchele, kinachotiwa chini ya ngozi. Hakikutengenezwa kwa ajili ya mkojo. Itabidi aombe kibali kukiagiza. Kijiti kile kinaiga ujumbe wa ubongo wenyewe, kinaipigia tezi kelele bila kupumzika mpaka tezi inachoka kusikiliza na inanyamaza.

"Ndiyo maana mwanzo atazidi," Hira akasema. "Wiki mbili, pengine zaidi, atavuja kuliko sasa. Usije ukaniambia nimekudanganya. Na wanawake, unajua, hata sisi damu ikikoma, huku juu hawaachi kutuma."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho."

Mimi na marehemu hatukujaaliwa mtoto. Nikachukua kamba ya mbwa, nikamshukuru, nikatoka.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zilianza karibu pamoja, jambo ambalo mimi na Socorro tungelicheka sana. Miaka mingine alijinyima chokoleti siku arobaini akanicheka mimi ninayejinyima maji. Akasema Mungu wangu mkali, nami nikasema wake anadekeza. Mwaka huu ningemchukuliaje majivu yao ya kuanzia Kwaresima? Sikuweza. Nilimpigia simu padri wao, akaenda Agincourt kumpaka.

Kijiti kilifika mwanzoni mwa Machi. Hira alikitia, Askari hakupiga hata kelele. Na kama alivyosema, mambo yakazidi. Nilikuwa naingia kwa Socorro kabla ya daku na kukuta taulo zote zimelowa, na mbwa amesimama kwenye kona, uso ukutani, kama mtoto aliyeambiwa akasimame pale. Hakuna aliyemwambia. Akilala anavuja, akiamka anajiona, anajilamba, anaona haya. Nilivaa glavu ndefu za kuoshea choo, nikafua, nikapiga sakafu deki, nikaenda kwangu kuoga upya ndipo niswali. Mikono ilipasuka kwa sabuni na udongo.

Katikati ya Machi ilikuwa inakuja na mbwa anazidi kulowa.

Ndipo nikapata fikra. Mimi nafunga kuanzia alfajiri mpaka magharibi, na mwili wangu hausumbui mtu mchana kutwa. Huyu naye, asipokunywa, atavuja nini? Nikaliondoa bakuli lake la maji baada ya daku, nikaliweka juu ya kabati. Jua likizama nilifuturu kwa Socorro, sakafuni karibu na bomba la joto la ukutani, tende na uji, na Askari nikamwekea maji na chakula chake mbali kidogo na kitambaa changu cha kulia. Alikunywa kwa pupa mpaka bakuli likasogea likagonga ukuta. Nikamwambia, "Polepole, mwenzangu, futari haikimbiliwi." Nilikuwa sijaongea wakati wa kufuturu tangu Ramadhani ianze.

Na mchana akawa mkavu. Kweli kabisa. Taulo zilikaa nyeupe toka asubuhi hadi alasiri. Nikafurahi, nikaona nimegundua dawa. Nikaosha zulia la Jerome kwa siki, nikafungua madirisha baridi iingie harufu itoke. Nikaona siku Derek atakapokuja atakuja mchana, ataona mbwa mkavu, na maneno yatakuwa yamekwisha.

Derek alikuja mchana.

Alipanda na maboksi yaliyokunjwa kwapani. Akasimama katikati ya sebule, akavuta hewa. Akainama akagusa zulia kwa kiganja, akageuza mkono akautazama. Akageuza taulo la mahali pa kulala. Askari alimjia polepole, mkia chini, akamnusa viatu.

"Auntie," akasema. "Umemfanya nini?"

"Daktari amemtia dawa."

"Nilidhani unajifurahisha tu." Akakaa sakafuni, akamkwaruza mbwa shingo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikwisha kuweka miadi, unajua? Kesho asubuhi. Njia nzima kwenye ndege nilikuwa nawaza nitamwambiaje Mama." Akatoa simu mfukoni. "Ngoja niwapigie nifute."

Akawa anatafuta namba. Askari akaondoka akaenda bafuni, ambako Derek alikuwa amenawa mikono alipoingia. Kutoka pale nilipokaa nilimwona. Alikuwa anailamba sakafu. Palikuwa na matone machache yaliyodondoka kwenye vigae, akayamaliza, kisha akaendelea kulamba vigae vikavu. Ulimi ulikuwa unakwaruza, nausikia.

Na mimi koo langu lilikuwa kavu vilevile, saa zile za alasiri ambazo kila anayefunga anazijua. Lakini mimi nilikuwa nimetia nia. Kila siku kabla ya alfajiri nilisema moyoni, nanuia kufunga kesho. Yeye nani alimtilia nia? Nilimwona pale, na saumu yangu mwenyewe ikaniwia nzito mdomoni. Nimefunga kwa Mungu, halafu nakaa kimya mbele ya mtu nikijua anachokiona si kweli.

"Derek, usipige simu."

"Nini?"

Nikainuka, nikalishusha bakuli juu ya kabati, nikalijaza maji mpaka juu, nikaliweka chini. Askari alinitazama kwanza. Alikwisha kujifunza kuwa si wakati wake. Nikamwambia, "Kunywa, mama." Akanywa. Nikajaza tena, akanywa.

"Nimekuwa nikimfungisha," nikasema. "Mchana simpi maji. Dawa yenyewe bado; daktari alisema mwanzo atazidi, na amezidi. Ukimwona mkavu, huo ni ukavu wa kiu."

Derek aliweka simu chini. Akafungua boksi, akaanza kufunga sahani za mama yake kwenye magazeti, moja moja, nami nikamsaidia upande wa vikombe. Askari alijilaza juu ya zulia la Jerome, tumbo limejaa, akalala usingizi wa mtu aliyeshiba. Hatukungoja sana. Doa lilianza chini ya mguu wa nyuma, likatambaa, likafika kwenye nyuzi za pembeni. Yeye amelala tu, hana habari.

Derek alilitazama mpaka lilipoacha kukua.

"Auntie, tuliongea," akasema taratibu.

"Tuliongea."

"Miadi ni kesho."

"Najua." Nikachukua glavu zile za choo nikaziweka juu ya boksi. "Ulisema akikauka ni wangu. Hajakauka. Sasa nakuomba nje ya makubaliano. Nipe hivihivi."

"Utaswali wapi?"

"Chumbani. Nitafunga mlango."

"Huwezi kuishi hivi, mikono yako tazama. Na asipopona?"

"Basi hatapona akiwa kwangu."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu namjua, akanijibu kwa Kiswahili, kile cha kitoto alichokuwa akiongea na bibi yake. "Haya. Chukua yeye."

Nilimshika Askari kwenye ukosi kwa mkono mtupu. Alikuwa na joto kuliko nilivyodhani. Tukavuka korido. Kwenye kizingiti changu alisimama, kwa sababu miaka yote nilikuwa nimemkataza pale, ilibidi nimvute.

Nilihamisha mswala chumbani, nikapanga taulo za Socorro sebuleni. Maji nikayaacha bakulini mchana na usiku. Nilimpigia Hira nikamweleza habari ya saumu. Akasema, "Mama, mbwa hana Ramadhani. Kibofu chake kitaungua. Maji, daima." Sikumjibu ila ndiyo. Siku zile nilifua kama dobi. Nilisujudu mlango umefungwa, nikiwaza juu ya malaika ambao tumeambiwa hawaingii nyumba yenye mbwa. Nyumba yangu ilikuwa na muda mrefu haijaingiwa na mtu yeyote. Nikitoa salamu kulia na kushoto nilisikia upande wa pili wa mlango pumzi inayosubiri nimalize.

Mwisho wa mwezi walikuja watu kupaka rangi kwa Socorro. Kitambaa nilikiweka mfukoni mwa koti.

Idi ilikuwa imepita tayari. Nilikuwa nimepika biriani ndogo, nikala na sauti ya redio. Halafu asubuhi moja, baada ya Idi hiyo, nilitoka chumbani nikakuta taulo kavu. Sikuamini, nikaligusa kwa shavu, kisha nikakumbuka ni la mbwa, nikaenda kuosha shavu. Siku ya pili kavu, na bakuli la maji limeisha. Kisha siku moja ikalowa kidogo, kisha ikakauka, ikakauka. Hira alisema kijiti kitaisha nguvu baada ya miezi kadhaa, tutatia kingine, na hakuna ajuaye kama kitakubali tena. Nikamwambia miezi ni mingi.

Jumapili yao ya Pasaka nilimpeleka Askari Agincourt. Dereva wa basi ya pili alitaka kukataa, akamwona amekaa miguuni pangu kama mzigo, akatuacha. Muuguzi wa Kifilipino alitupokea mlangoni, akakagua cheti cha chanjo, akatupeleka.

Socorro alikuwa palepale dirishani, blanketi magotini, na yai la chokoleti mkononi ambalo hajalifungua. Aliniona mimi kwanza. Akanipa ile adabu yake ya kituoni.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikasema. Nilikwisha kuzoea.

Kisha Askari akaweka kidevu juu ya blanketi. Socorro alishusha macho. Mkono wa kushoto ukaliacha yai, likabingirika chini ya kiti, ukaja juu ya kichwa cha mbwa na kubaki hapo. Hakulia wala hakucheka. Alianza kumkaripia kwa sauti ileile niliyokuwa naisikia kupitia mlango, sauti niliyodhani imekwisha duniani.

"Wewe Askari. Wewe mbwa mvivu. Watembea wapi siku zote hizi? Ushakula? Umekonda, hebu nione." Akamshika sikio, akalikunjua, akalitazama ndani. "Umekuja peke yako?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni, magoti yangu karibu yaguse yake.

Akainama akaliongelesha lile sikio, polepole, kama unavyompa mtu maagizo unayetaka asiyasahau.

"Ukirudi, pita kwa Kura. Yule apata wasiwasi upesi. Mwambie leo nimeamka. Mwambie kitambaa nimekitoa."

Askari alipepesa macho. Socorro akaendelea kumtazama, akingoja, na mbwa hana la kujibu.

"Nitamwambia," nikasema.

Socorro akaitikia kwa kichwa, ameridhika, macho bado kwa mbwa. Kitambaa kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikitoa nikakifunga kwenye mkono wa kiti chake, upande wa kushoto, fundo legevu ambalo mkono mmoja unaweza kulifungua.